Mafuta ya Konokono

Msinicheke kabla sijaanza. Mkitaka kucheka subirini nifike pale pa konokono, hapo hata mimi nitacheka. Kwa sasa tulieni, maana habari yenyewe ni ya mguu wa mtu na ndoa ya mwanangu.

Mimi naitwa Sikuzani. Wakati Mdachi, yaani Mjerumani, anaileta reli hapa Dodoma nilikuwa mjane mwenye binti mmoja, Jaha, na vyungu vyangu vya kupikia. Niliwapikia vibarua wa reli: uji asubuhi, ugali na mlenda mchana. Aliyelalamika kwamba mlenda una mchanga nilimwambia akaupepete kwanza mji mzima ndipo aje kwangu.

Jaha alipochumbiwa na Mbaruku, nyapara wa genge la kuinua mabehewa, niliridhika. Nasema niliridhika, sisemi nilimjua. Kumjua wapi? Mama yangu ni Mgogo wa Haneti, na nilivyolelewa mimi, mama mkwe na mkwe wa kiume ni mwiko mtupu. Hamtazamani usoni. Hamwitani majina. Hamgusani, hamli pamoja, mkikutana njiani mmoja anaingia porini, na kama hakuna pori anageukia ukuta. Kwa hiyo tangu posa ilipopokelewa, Mbaruku akija kula na wenzake mimi nilijifunika kaniki kichwa kizima, naye aligeuza mgongo. Chakula chake alipelekewa na Matonya, kibarua wa genge lake. Kitu pekee nilichokijua cha mkwe wangu ni kisogo. Kilikuwa kisogo kizuri, sikukikataa.

Aliyenikera ni baba yake mdogo, Khamisi, aliyesimama badala ya mzazi. Huyu alikuwa mtu wa mjini hasa, babu yake alikuja na misafara ya pembe. Kofia nyeupe, kanzu ina mikunjo ya pasi, na kila akifungua kinywa ni adabu, adabu, adabu. Kuoa binti wa mpishi wa vibarua hakukumfurahisha hata kidogo, alikubali kwa kuwa kijana alisusa kula. Nilijua anatafuta kisingizio, na nilijua akikipata ndoa imevunjika. Jaha wangu alishaingizwa ndani, somo wake anamsinga liwa kutwa. Angetoka humo vile vile alivyoingia, watu wakimnyooshea vidole. Hilo tu ndilo lililokuwa likinikosesha usingizi: ifike Ijumaa, ndoa ifungwe, Khamisi asipate pa kushika.

Basi wiki hiyo hiyo behewa likaanguka.

Halikuanguka kulala. Magurudumu ya upande mmoja yaliacha reli kwenye njia ya pembeni, mwisho wa stesheni, upande wa kwenda Nkuhungu, likainama kama mtu anayesikiliza mlangoni kwa jirani. Ndani lilijaa vyuma vya daraja la kule Saranda. Kazi ya kulirudisha ilikuwa ya Mbaruku na genge lake, na chombo chao kilikuwa jeki.

Jina la jeki limekuja na Mwingereza baadaye. Mdachi aliiita vinde, lakini nitasema jeki tusichoshane. Wala msidhani ni hivi vijeki mnavyoviona kwenye malori. Ilikuwa fupi, nene, chuma kitupu, wanaume wawili waliibeba wakiguna. Chini ina kitako, katikati ina parafujo nene kama mkono wangu, ubavuni ina mpini. Ndani yake, usipopaona, kuna kijichuma kilichoviringana. Ukizungusha mpini, kijichuma kinajisokota, kinasukuma gurudumu lenye meno, gurudumu linapandisha parafujo, parafujo inainua mzigo. Polepole, Mungu wangu, polepole! Unazungusha mpaka kwapa linalia, mzigo umepanda unene wa ukucha. Lakini ukiuachia mpini, mzigo unabaki pale pale, haurudi chini. Waliinua tangi la maji la stesheni kwa jeki ile, wakaenda kula kwangu, wakabishana mambo ya ngoma, wakarudi wakakuta tangi linawasubiri.

Na Mbaruku aliitunza, siwezi kumsingizia. Kila jioni aliipangusa mchanga, akaiviringishia gunia ili vumbi lisiingie kwenye parafujo, na ndani akaijaza mafuta mazito meusi kutoka kopo la Mdachi. Sasa kopo likaisha. Liliishaje? Muulizeni Matonya na vijana wenzake wa Kigogo, walivyong'aa siku ya ngoma mpaka wachumba wao wakataka kujua wamepaka nini.

Mdachi msimamizi tulimpa jina Bwana Sasahivi, kwa sababu Kiswahili chake chote kilikuwa hicho. Mengine yalipita kwa mkalimani, Filipo wa Mlali, aliyesoma misheni na kuvaa suruali nyeupe katikati ya mavumbi haya. Asubuhi ile Bwana Sasahivi alikuwa anakwenda Saranda. Alisimama juu ya kiberenge, kile kigari cha reli, akabweka amri zake, na Filipo akazitoa moja moja mbele ya watu wote, nami nipo pale nagawa uji.

"Bwana anasema, futeni mchanga kwenye parafujo. Anasema, wekeni mbao ngumu chini ya kitako, ardhi hii inatitia. Anasema, msiinue bila kuweka magogo ya kushikilia. Anasema..." Hapo Filipo akasita, akamwuliza Bwana tena. Bwana akarudia kwa hasira. Filipo akajifuta jasho. "Anasema, kabla ya kuinua, jeki itiwe mafuta ya konokono."

"Ya nini?" Mbaruku akauliza.

"Konokono. Nimemwuliza tena, mwenyewe umesikia. Ni konokono."

"Sasa hivi!" Bwana akapiga kelele, na kiberenge kikaondoka.

Niwaambie jambo ambalo siku ile hakuna aliyelijua. Kile kijichuma kilichoviringana ndani ya jeki, Wadachi kwa lugha yao wanakiita konokono, kwa vile kilivyojizungusha. Mafuta ya konokono ni mafuta ya kupaka hicho chuma, basi, yale yale meusi ya kwenye kopo. Tulikuja kuambiwa baadaye, Bwana aliporudi na kopo jipya, akatia kidole ndani ya jeki, akanusa, akauliza nani kafa. Filipo hakukosea hata neno moja. Alitafsiri sawasawa, na mpaka leo ukimgusa hapo anakasirika.

Mbaruku naye si kwamba alikuwa mjinga. Asiyetii amri ya Mdachi alilazwa kifudifudi akachapwa kiboko, hamsa ishirini, yaani mara ishirini na tano, hadharani. Bwana harusi wa Ijumaa atakwenda vipi kwa mkewe naye hawezi kukaa? Akamwambia Matonya, "Nenda katafute konokono."

Konokono, kiangazi, Ugogo! Mvua imeshasahaulika, hata fisi wanakohoa vumbi. Lakini Matonya alichunga ng'ombe utoto wake wote, anajua kila kidudu kimelala wapi. Alikwenda kuchimbachimba chini ya minyaa na mawe huko Nkuhungu, akarudi na kapu limejaa. Konokono wakubwa, wamejifungia ndani ya magamba yao wanangoja masika, naye anatembea nao kifua mbele. Ilibaki kuwachemsha watoe mafuta. Wakachukua chungu changu.

Natoka kuchota maji nakuta jiko langu limezungukwa na wanaume wazima wanachungulia chungu. Nikachungulia na mimi. Toba! Povu la kijivu, na vitu vinaelea.

"Matonya, nini hiki ndani ya chungu cha ugali?"

"Mbukwa, mama," akaniamkia kwa Kigogo, kwa upole sana, maana alijua ameshakufa. "Ni mafuta ya jeki."

"Mafuta yako wapi hapo?"

"Tunayangoja, mama."

Wangengoja mpaka leo. Konokono ana mafuta, jamani? Ana ute! Nilisema kila tusi nililolijua, na mengine niliyatunga papo hapo. Mbaruku alikuwa kanigeuzia kisogo, na kumwambia neno siruhusiwi, kwa hiyo Matonya nilimpa fungu lake na la mkwe wangu pia. Wakaubeba ute wao, chungu na vyote. Chungu kile kiliporudi nilikivunja mwenyewe, na kilikuwa kizuri hasa, cha udongo wa kwetu.

Wakautia ute ndani ya jeki. Na lo, jeki ikaenda! Ute unateleza, nani asiyejua. Wakazungusha, parafujo ikapanda, behewa likaanza kunyooka, Filipo akawa anawatazama watu kwa macho ya kuwaambia mnaona. Lakini jua la Dodoma halina mchezo. Humo ndani ute ulianza kukauka, umechanganyika na vipande vya magamba na mchanga, ukawa ulimbo. Mpini ukawa mzito, ukazidi kuwa mzito, ukagoma. Wakati huo Mbaruku alikuwa amejipenyeza chini ya behewa kusukuma gogo la kushikilia likae mahali pake. Gogo likabingirika, likambana mguu kwenye kokoto, na boriti ya behewa ikalikalia gogo kwa juu. Yowe lake nililisikia jikoni.

Tulikimbia wote. Mfupa haukuvunjika, alhamdulillahi, hata damu ya kusema haikutoka. Kakwama tu, amelala chali, mguu wa kulia umeshikwa juu ya kifundo. Jeki haipandi wala haishuki. Ukichimba chini ya mguu, gogo linateremka na behewa linamkalia. Ukilivuta gogo, vile vile. Jeki nyingine iko Saranda, na Saranda si hapo kwa jirani.

Kisha karani wa simu wa stesheni, kwa wema wake, akatuletea habari iliyotumaliza. Amepiga simu Kilosa. Daktari anakuja na treni ya mchana.

Huyo daktari tulimjua. Alitembea na sanduku la misumeno. Mkono ukibanwa, anakata. Kidole kikivimba, anakata. Mtu akienda kwake na jino, wenzake walimshauri afiche miguu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwepesi wa mkono tu.

"Atamkata," Matonya akasema, na machozi yakamtoka.

Khamisi alishafika, na kanzu yake. Akainama akachungulia, akatikisa kichwa. "Mwanamume haendi kuoa na mguu mmoja," akasema, kwa sauti ya mtu anayesikitika, lakini mimi niliisikia furaha iliyokuwa chini yake. "Itabidi tuahirishe. Na jambo likishaahirishwa, bibi, unajua tena."

Nilimfikiria Jaha kule ndani, ananukia, hajui lolote, anafundishwa namna ya kumpokea mume mlangoni. Nikageuka nikakimbia jikoni. Watu wakadhani nakwenda kulia. Kulia! Nilikuwa na mkia wa kondoo, hawa kondoo wetu wa mikia minene, nimeuweka kwa ajili ya pilau ya Ijumaa. Pete ikigoma kidoleni unafanyaje? Si unapaka mafuta? Sikuwa na akili nyingine zaidi ya hiyo, msiniongezee. Nikayayeyusha yale mafuta motoni, nikachukua na birika la maji ya uvuguvugu, nikarudi mbio.

Sasa nani aingie? Jeki ilikuwa kati ya gurudumu na rundo la magogo, karibu kabisa na kichwa cha Mbaruku. Genge zima limeshikilia mitaimbo kuzuia magogo yasiteleze, akiachia mmoja yanakwenda yote. Filipo alivua koti lake, akajaribu kupenya, tumbo likakataa. Khamisi akasema ana mgongo. Wote wakanitazama mimi. Mnavyoniona hivi nimekonda, wakati ule nilikuwa nimekonda zaidi, ningepita kwenye mlango wa banda la kuku.

"Haiwezekani," Khamisi akasema. "Mama mkwe na mkwe wake walale ubavu kwa ubavu chini ya behewa? Adabu iko wapi?"

"Basi ingia wewe na adabu yako."

Akaanza tena habari za mgongo.

Nikajivuta kaniki yangu nikafunika uso wote, nikaingia kwa magoti. Humo ndani joto, harufu ya ute uliooza, na pumzi za mtu. Nikamsikia anageuzia uso wake upande wa gurudumu. Maskini, katika hali ile, bado ananistahi! Nikapapasa mpaka nikagusa chuma. Nikamimina maji.

"Yalaa! Sikio langu!"

Hakuniambia mimi, alijua hawezi. Akavuta pumzi, akasema kwa utulivu, "Ewe jeki, mwambie aliyeingia kwamba tundu la mafuta liko kushoto, chini ya mpini. Hilo alilomiminia ni langu."

Nikajibu, "Ewe jeki, mwambie aliyelala hapo kwamba angekuwa na akili asingetia konokono."

"Jeki, mwambie ilikuwa amri."

"Jeki, mwambie chungu kilikuwa changu."

Huko nje mtu akacheka, nadhani Matonya, mtaimbo wake ukatikisika na wenzake wakamkaripia.

Nikamimina maji penyewe. Ute ukaanza kulainika, ukatoka na vigamba vyake, nikaupangusa kwa ncha ya kaniki. Nikatia mafuta ya mkia, kidogo kidogo, nikayasikia yanaingia. Nikaushika mpini kwa mikono miwili, nikauvuta kwa nguvu zangu zote na za marehemu mume wangu. Ukasogea! Nikapiga kigelegele humo humo chini.

"Jeki!" Mbaruku akapaza sauti. "Jeki, mwambie ni upande wa pili! Inashuka! Mwambie ni upande wa pili!"

Nikauachia mpini kwa woga, nikafumba macho nikingoja kusagwa. Behewa halikusogea. Lilibaki pale pale nilipoliachia. Ah, chuma kile, Mungu akitunze popote kilipo! Kingekuwa cha namna nyingine tungezikwa wote wawili kaburi moja, na Khamisi angesema hata kufa hatukufa kwa adabu. Nikapumua, nikashika tena, nikazungusha upande wa pili.

Naongeza mafuta, nazungusha. Nachoka, naachia, nakuta kimenisubiri. Nazungusha tena. Kaniki imenibana pumzi, jasho linaniingia machoni na macho yenyewe hayaoni kitu. Mara moja moja namsikia, "Jeki, mwambie inakwenda." Halafu baadaye sana, kwa sauti ndogo, akasema, "Jeki, mwambie hata wakinikata, mimi Jaha namtaka. Sijui kama na yeye atanitaka hivyo."

Nyie, mkono wangu ulisimama. Nilitaka kumwambia kitu. Lakini nitamwambiaje? Nikasema, "Jeki, mwambie anyamaze, ananipotezea nguvu," na nikazungusha kuliko mwanzo.

Ndipo treni ikalia.

Ilikuwa inaingia stesheni, honi ndefu, na ardhi ikaanza kutetemeka chini ya magoti yangu. Kokoto zikacheza. Nikamsikia Matonya, "Magogo yanakwenda! Mama, magogo yanakwenda!" Nikasikia mti unasaga juu ya mti. Gogo lililombana Mbaruku lilishalegea, niliupapasa mguu nikaona uko huru. Lakini mwenyewe amelala kageuzia uso wake kwenye gurudumu kwa ajili ya heshima yangu, mguu umekufa ganzi, hajui kama ameachiwa. Na sasa niiambie jeki, jeki imwambie yeye?

Niliivua kaniki nikaitupa huko. Nikamdaka makwapani kwa mikono yangu iliyojaa mafuta, nikapiga kelele iliyofika mpaka sokoni. "Mbaruku! Mbaruku, mwanangu, toka! Toka, mwanangu!"

Akatoka. Sijui kama nilimvuta mimi au alijisukuma mwenyewe, tulitoka pamoja tukabingirika mchangani, na nyuma yetu magogo yakaporomoka kwa kishindo. Behewa likabaki limesimama juu ya jeki peke yake.

Tukajikuta tumeketi tunatazamana. Alikuwa na uso wa kawaida tu, pua kubwa kidogo, mafuta ya mkia yanamchuruzika kwenye nyusi. Mguu ulivimba, lakini vidole vyote vilicheza, nilivitazama kimoja kimoja. Nilimpenda pale pale, sitaki kuwadanganya. Nilimpenda kama niliyemzaa.

Daktari akateremka na sanduku lake. Akaubonyeza mguu, akaukunja, akaukunjua, akasema maneno mawili matatu.

"Anasema mguu ni mzima, aukande na maji ya chumvi," Filipo akatafsiri. "Anauliza kama kuna mwingine."

Hakukuwa na mwingine, hata Khamisi aliusahau mgongo wake. Vigelegele vikapigwa. Nami nikafungua kinywa nipige cha kwangu, Khamisi akainua mkono.

"Subirini," akasema. "Mguu umepona, tunamshukuru Mungu. Lakini kuna jambo. Bibi huyu amemwita mkwewe kwa jina. Amemshika mwili. Amemtazama usoni. Hayo tungeyafunika, dharura ni dharura. Lakini amemwita 'mwanangu'. Akarudia. Na wala si kwa mdomo tu, amemwita kwa roho yake yote, mji mzima umesikia. Basi Mbaruku ni mwanawe. Na Jaha ni binti yake." Akakunja mikono juu ya kifua. "Mtu anamwoaje dada yake?"

Vigelegele vilikatika kama vimemwagiwa maji. Maana ndivyo tulivyo, neno likishasemwa mbele za watu lina uzito wake, na wazee waliokuwepo walianza kukuna ndevu kana kwamba kweli lipo la kufikiria. Filipo naye, ambaye maneno ndiyo kazi yake, akasema, "Kwa kweli, neno 'mwanangu' alilisema." Nilitamani kumrudisha Mlali kwa teke.

Nimemtoa kwa mikono yangu, halafu kwa kinywa changu mwenyewe nimemfukuza! Nikamwona Jaha anaambiwa avae nguo zake za kila siku, arudi kutwanga. Moyo uliniuma, halafu hasira ikaupita moyo.

"Vizuri," nikasema. "Kama ndiyo hivyo, mrudisheni."

"Nimrudishe wapi?"

"Chini ya behewa! Mrudisheni pale pale mumbane mguu, na mimi nijifunike kaniki yangu niingie nimtoe upya. Safari hii nitamwita mkwe."

Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Khamisi akafungua kinywa anijibu, lakini kile kicheko kikafifia ghafla, na watu wakawa wanatazama nyuma yangu.

Nikageuka. Mbaruku hakunitazama mimi, wala baba yake mdogo. Amejigeuza kifudifudi, ule mguu uliovimba anauburuta mchangani, anatambaa kurudi chini ya behewa. Kichwa kilishaingia, na mabega.

"Mbaruku!" Khamisi akaita. "We Mbaruku, unafanya nini? Hamna gogo humo, kuna jeki tupu! Utakufa! Toka!"

Visigino vikaendelea kwenda.

"Toka, nakwambia!" Sauti ilimpasuka. Kofia ilimwanguka hata hakuiona. Alipiga magoti kwenye kokoto na kanzu ile ile ya pasi, akaudaka mguu wa mtoto wa kaka yake kwa mikono miwili, akaung'ang'ania, na alikuwa analia kama mwanamke aliyefiwa. "Toka, mwanangu! Toka ukaoe! Oa Ijumaa, oa hata leo, oa umtakaye, toka tu!"

Mimi nilikaa chini pale pale nikalia mbele za watu, kwa sauti, tangu nifiwe na mume wangu sijalia vile. Na Ijumaa yake binti yangu akaolewa na mwanangu, na yeyote mwenye neno juu ya hilo, aje aniambie mimi.